Jarida la wanafunzi limenifunza kuandika kuliko supavaiza wangu, yaani mwalimu anayenisimamia projekti. Kwani ulezi wa kitaaluma ni upi hasa?

MwanaTudor
Salamu wadau. Mie niko mwaka wa nne chuo kimoja hapa kisiwani Mombasa, sitakitaja. Miaka miwili nyuma tulikaa wanafunzi saba kwenye baraza nje ya maktaba tukaanzisha jarida letu. Si gazeti la habari za chuo, ni jarida la utafiti. Ukimaliza projekti yako waileta, jina lako latolewa, wanafunzi wawili waisoma na kuandika maoni bila kujua ni ya nani, weye warekebisha warudisha, hata ikishakaa sawa mwalimu mmoja aipitia mara ya mwisho ndipo yatoka.

Mwaka jana kijana mmoja alileta kazi yake ya mikoko ya upande wa Mikindani, kule mkono wa bahari wa Tudor. Kurasa 14, supavaiza ashatia sahihi, alama nzuri kapata. Tukampa msichana mmoja wa Jomvu aisome, babake mvuvi. Kafika picha ya tatu kasimama. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, karatasi hiyo ninayo mpaka leo: "Huu si mkoko, ni mchu. Mkoko mizizi yake yashuka kutoka juu kama miguu ya buibui. Hii yachomoza kwenye tope kama penseli. Wewe ulipima mti gani?"

Ikawa lile jedwali zima la vipimo, kurasa nne, mti ni mwingine na jina ni lingine. Hakuna aliyeona. Si mwandishi, si supavaiza, si wale walimu waliokaa siku ya kutetea.

Mie tangu siku ile nasema ulezi wa kitaaluma ndio ule, mtu kukusomea kazi yako mpaka picha ya tatu. Supavaiza wangu nimeonana naye mara nne mwaka mzima. Lakini kuna wenzangu chuoni wasema jarida letu ni mchezo wa watoto, haliwezi kuitwa ulezi kwa sababu hakuna aliyemzidi mwenziwe. Mwasemaje?

kahawa_tungu
Nimependa hiyo kalamu nyekundu. Huyo msichana apewe mahamri na mbaazi kwa gharama ya jarida.

Mvita_77
Mleta uzi hongera lakini nakupinga. Ulichosimulia ni bahati. Msichana katokea Jomvu, babake mvuvi, mchu aujua tangu utotoni. Je, kama ungempa mtu wa Voi asiyewahi kukanyaga tope la bahari? Na je, kama kosa lingekuwa kwenye takwimu, mahali ambapo mwandishi hajui na msomaji naye hajui? Hapo ni kipofu kumshika mkono kipofu kwenye ngazi za Fort Jesus. Mlezi lazima awe amepita njia kabla yako.

BintiKizingo
@Mvita_77 mbona kuna mahali wanafunzi wameshika majarida zaidi ya miaka mia na hakuna aliyeanguka ngazi? Angalia sheria kule Marekani. Harvard Law Review ni jarida la kwanza la wanafunzi wa sheria, lilianza 1887, na hadi leo wahariri ni wanafunzi. Profesa mzima apeleka makala na mwanafunzi wa miaka 25 amwambia hapana. Obama alikuwa rais wa jarida hilo 1990, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo, naye alikuwa bado mwanafunzi. Na si sheria peke yake, kuna Journal of Young Investigators la sayansi, lilianzishwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza 1997, na wasomaji wa kwanza wa makala ni wanafunzi wenyewe.

Wakili_Ganjoni
Dada BintiKizingo, 1887 ni kweli, Obama 1990 ni kweli, lakini "la kwanza" si kweli. Miaka miwili kabla yake wanafunzi wa Columbia walikuwa na Columbia Jurist, 1885, halikuishi sana ndio maana wengi hawalijui.

Halafu tusichanganye mambo. Kule sehemu kubwa ya kazi ya mwanafunzi anayeanza ni kuhakiki tanbihi. Mwandishi kasema kesi fulani ukurasa fulani, weye nenda rafuni utoe kitabu uangalie kama ni kweli pale ukurasa ule pana maneno yale. Nilifanya kazi kama hiyo nikiwa mwanafunzi, kijarida kidogo tu, hakikudumu. Nikapewa makala ya mwalimu wangu mwenyewe. Tanbihi ya 9 yataja hukumu ya Mahakama ya Rufani, naenda kusoma, hukumu yasema kinyume kabisa na alivyoandika. Nilikaa na hiyo hukumu siku mbili naisoma tena na tena nikidhani mie ndiye nisiyeelewa Kiingereza. Nilipompelekea akanyamaza, akasoma, akasema "asante, ifute". Miaka kumi na mitano sasa, sijapeleka kesi mahakamani bila kuifungua mwenyewe na kuisoma. Sasa niambie, pale nani alimlea nani? Yeye hakunifunza kitu siku ile, ila alikubali kusahihishwa nami naona hilo ndilo lililonifunza.

kahawa_tungu
Wakili hiyo "asante, ifute" imenigusa kweli.

MzeeWaMakupa
Wanangu mwataja Marekani kama kwamba huku kwetu hakujatokea kitu. Makerere walikuwa na Penpoint kuanzia 1958, kijarida cha idara ya Kiingereza, wanafunzi ndio waandishi. Ngũgĩ wa Thiong'o hadithi zake fupi za mwanzo zilitoka humo na yeye mwenyewe akaja kuwa mhariri wake. Na Dar es Salaam kulikuwa na Cheche, 1968, la wanafunzi wa chuo kikuu, humo ndimo Issa Shivji akiwa kijana alitoa ile makala yake ndefu ya matabaka Tanzania ambayo watu wangali wanaijadili. Walter Rodney, yule mwanahistoria, naye aliandika humo. Wanafunzi wale hawakungoja kuitwa.

Msafiri_wa_Tanga
Shikamoo mzee. Kidogo tu nirekebishe, Cheche ilianza 1969 na ikapigwa marufuku 1970, pamoja na chama cha wanafunzi kilichokuwa kikiitoa. Mwaka mmoja tu. Baada yake likaja jarida la MajiMaji.

MzeeWaMakupa
Marahaba mwanangu, umesema kweli, 1969.

Mvita_77
Lakini mzee huoni kuwa mfano wako wanisaidia mie? Rodney hakuwa mwanafunzi, alikuwa mwalimu pale pale chuoni. Penpoint ni ya idara, walimu wako mlango wa pili. Kila mahali jarida la wanafunzi lilipotoa mtu, ukichungulia nyuma pana mwalimu aliyekaa nao. Kwa hiyo kilicholea ni mwalimu, jarida ni mkeka tu waliokalia.

Daktari_mtarajiwa
Mie nasoma udaktari, na mkeka wenyewe una kazi yake jamani. Wenzetu wa Muhimbili wana Dar es Salaam Medical Students' Journal, la wanafunzi, liko kwenye AJOL, ule mtandao wa majarida ya Afrika, yaani hata weye uliye Bamburi waweza kulisoma bure sa hii. Nilipoliona ndipo nikajua mwanafunzi wa udaktari aweza kuandika kitu kikasomwa.

Ila ninachotaka kusema ni kingine. Mwandishi hafaidiki sana kama anavyofaidika msomaji. Mie makala yangu ya kwanza ilirudi imejaa maoni, nikakasirika, nikarekebisha kwa hasira, nikasahau. Nilianza kuelewa nilipopewa MIE makala ya mtu nisome. Ikisiri yake, ule muhtasari wa mwanzo, ilisema "wagonjwa wengi walipata nafuu". Nikaandika pembeni: wengi ni wangapi, kati ya wangapi? Ile kuandika tu, damu ikanisimama, maana mie kwenye yangu nilikuwa nimeandika "wengi" mara sita. Sita! Nilirudi kuhesabu. Hakuna mhadhara ungeniingiza hilo kichwani, lazima ulione kwa mwenzio kwanza ndio ulione kwako. Kwa hiyo mleta uzi, yule aliyefaidika zaidi kwenye kisa chako naona ni msichana wa Jomvu.

MwanaTudor
@Daktari_mtarajiwa sikuwahi kulifikiria hivyo. Na ni kweli, yeye sasa ndiye mhariri wetu.

mwalimu_wa_zamu
Nimesoma kimya kimya tangu juu, sasa niseme, maana mimi ni huyo supavaiza mnayemsema, si wa huyo kijana lakini ni wa aina hiyo. Mwaka huu nina wanafunzi 23 wa projekti, vipindi vya masomo matatu, na mitihani ya kusahihisha. Kila mmoja aniletea kurasa 40 wiki moja, ile ya mwisho. Nakiri mbele yenu kuwa kuna picha ya tatu sijaifikia.

Lakini mjue pia kinachotufunga. Kupandishwa cheo kwahesabu machapisho yangu kwenye majarida yaliyopitiwa na wataalamu, kwahesabu wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliomaliza mikononi mwangu. Saa ninayokaa na jarida la wanafunzi wa shahada ya kwanza haiandikwi popote. Mwalimu anayeipitia kazi yenu mara ya mwisho, huyo aifanya baada ya Isha, kwa mapenzi yake. Mtafuteni mumshukuru. Na msiniambie chuo hakijui umuhimu wa kuchapisha, kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za 2014 zataka mwanafunzi wa uzamivu awe na makala 2 kwenye jarida kabla ya kuhitimu. Sasa mtu ataruka vipi kutoka kutoandika chochote miaka minne mpaka kuandika mbili? Kuna mpango uitwao AuthorAID, ulianza 2007, mtafiti mchanga wa nchi zetu aunganishwa mtandaoni na mzoefu popote duniani amsomee kazi. Ni mzuri, nimewahi kuutumia. Ila mlezi wa mbali hawezi kukwambia huu ni mchu.

Mvita_77
Mwalimu asante kwa kusema wazi. Hili la saa isiyoandikwa popote ndilo tatizo lenyewe kuliko hata haya tunayobishania.

ZuhuraNyali
Naomba nitoe kisa changu kwa sababu mwalimu ametaja hizo makala mbili. Nilikuwa nasoma uzamili, nataka makala moja tu. Nikapata imeili yaniita "profesa mheshimiwa", jarida la kimataifa, tuma leo. Nikatuma Jumatatu. Alhamisi nikaambiwa imekubaliwa bila marekebisho hata ya koma, lipa dola. Nililipa, pesa niliyokuwa nimeweka ya kodi ya nyumba. Ikatoka. Kwenye kichwa cha makala neno "Mombasa" limekosewa herufi na hakuna aliyegundua, mie mwenyewe sikugundua mpaka dada yangu aliposoma. Idara ikaikataa, wakasema hilo jarida ni la kutafuna pesa za watu. Kulikuwa na orodha ya majarida ya aina hiyo ya mkutubi mmoja wa Colorado, Jeffrey Beall, akaiondoa mtandaoni Januari 2017, basi siku hizi ni kuulizana tu.

Kama ningalipitia jarida kama la huyu MwanaTudor hata mara moja nikiwa shahada ya kwanza, ningalijua kuwa kazi iliyosomwa hurudi na alama za kalamu. Ikirudi safi ndani ya siku tatu, haikusomwa. Hilo tu sikulijua, na lilinigharimu kodi ya miezi miwili.

BintiKizingo
Pole sana dada Zuhura. Umeandika jambo litakalomuokoa mtu.

mpigachapa
Mie ni mtu wa mitambo, nizungumzie upande ambao hakuna aliyeugusa. Haya majarida hayafi kwa kukosa ulezi, yanafa kwa nywila. Nasema kweli. Programu ya kuendeshea jarida iko bure, Open Journal Systems, ni ya mradi wa Public Knowledge Project ulioanzia Kanada 1998, na majarida maelfu duniani yaitumia, inapokea makala, inampa msomaji, inatuma vikumbusho, kila kitu. ISSN ni namba nane tu za utambulisho, fomu ujaze uambatanishe toleo. Hayo yote si mlima.

Mlima ni kuwa mwanafunzi hukaa miaka minne. Wa kwanza ajifunza kuandika, wa pili ajifunza kusoma kazi ya mwenziwe, wa tatu ndio aanza kuelewa jarida, wa nne anahitimu. Jarida nililosaidia kulijenga, la chuo kimoja huku Pwani, nywila zilikuwa kwenye simu ya mtu mmoja. Kahitimu, kapata kazi melini, simu ikaanguka majini. Matoleo matatu, makala 17, hakuna awezaye kuingia, na ada ya jina la tovuti haikulipwa mwaka uliofuata. Nilikuwa nikifungua ile anwani kila mwezi nikitumaini. Sasa kuna tangazo la kuuza viatu. Wale watoto 17 waliandika kwenye wasifu wao "nimechapisha" na kiungo hakifunguki. MwanaTudor, leo jioni kabla ya kulala, peleka nakala za kila toleo maktaba ya chuo zikae kwenye hifadhi yao, na nywila wawe nazo watu watatu, mmoja awe mfanyakazi asiyehitimu.

MwanaTudor
Asante mno. Nywila ninazo mie peke yangu. Na nahitimu Disemba. Nalishughulikia leo hii.

kahawa_tungu
Usipande feri na hiyo simu kabla hujamaliza.

MwanaLugha
Nimesubiri mtu aseme nikaona hakuna. Ndugu zangu, kosa la yule kijana si la ulezi wala si la supavaiza. Ni la lugha. Yeye aliandika kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza kuna neno moja tu la kawaida la miti yote hiyo, halafu majina ya Kilatini ambayo aliyanakili. Akafikiri kwa neno moja, akapima kwa neno moja. Pwani yetu ina aina 9 za miti hiyo na watu wa hapa kila mti waupa jina lake: mkoko, mchu, mkandaa, mlilana, muia, endelea. Msichana wa Jomvu aliliona kosa kwa sababu alisoma kwa Kiswahili kazi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Angalia, hata maoni yake aliyaandika kwa Kiswahili.

Sasa mbona jarida lenu haliko kwa Kiswahili? Dar wana jarida la Kiswahili lenye mizizi tangu miaka ya 1930, utafiti waandikwa humo na hakuna aliyekufa. Mkiandika kwa lugha ambayo mama wa mwandishi aweza kuisoma, wasomaji wenu watakuwa wengi na makosa yatapungua.

Daktari_mtarajiwa
Hapo nakubali nusu. Mie ikisiri naweza kwa Kiswahili, lakini jina la kila dawa na kila kipimo nitalitoa wapi? Na nani Accra atanisoma?

MwanaLugha
Anza na ikisiri basi. Hiyo nusu naipokea.

Nahodha_wa_Mtongwe
Mie sikusoma chuo lakini tope nalijua. Huyo msichana kasema kweli ila aongeze kitu, mlilana nao mizizi yake yachomoza juu. Mtu asiyejua atauchanganya na mchu. Wa mlilana ni mnene na wenda ukichongoka, wa mchu ni mwembamba ndio kama penseli. Ukiwa bado una shaka lamba jani. La mchu lina chumvi juu yake, na upande wa chini lina weupe kama vumbi. Na mlilana waota mbele kabisa upande wa maji, mchu wauona mbele na nyuma. Sisi mataruma, zile mbavu za mashua, twachonga kwa mlilana, boriti za nyumba ni mkoko na mkandaa. Huyo kijana angepita kwa fundi wa mashua kabla ya kwenda kwa mwalimu angepata haya bila kulipa.

Wakili_Ganjoni
Nahodha, jarida likupe makala usome.

Mvita_77
Mie hapa nimebadilika kidogo, si sana. Nimeona kuwa aliyepita njia kabla yako aweza kuwa mwanafunzi mwenzio, aweza kuwa nahodha. Lakini bado nashikilia kuwa jarida lisilo na mtu mzima nyuma litakufa kama la mpigachapa. Na takwimu bado hamjanijibu.

mwalimu_wa_zamu
Takwimu nitajibu mimi. Mleta uzi, niandikie kando. Kila toleo nitasoma majedwali ya namba, majedwali tu, si makala nzima, hiyo naiweza.

MwanaTudor
Mwalimu sijui niseme nini. Nakuandikia usiku huu.

KijanaWaMikindani
Assalaam aleikum. Nimetumiwa huu uzi na watu wanne. Mie ndiye wa mchu. Sina kinyongo, nilikasirika wiki moja tu, kisha nikaenda Jomvu nikamtafuta, tukaenda matopeni na babake. Nahodha uliyosema ya jani ni kweli, alinilambisha. Nilichokigundua ni kuwa ploti zangu mbili za nyuma ni mchu mtupu, lakini ya tatu, ile ya mbele karibu na maji, sina uhakika tena, baada ya kusoma maneno yako nahofia mle mna miti miwili mitatu ya mlilana niliyoihesabu kuwa mchu. Kwa hiyo narudia yote tangu mwanzo kabla sijairudisha kazi yangu kwa jarida.

Bamvua ijayo maji yatatoka sana, saa nne saa tano asubuhi nataka niwe mle. Nani ana kamba ya kupimia ya mita 50 ya kuniazima? Ile ya chuo imekatika.

Nahodha_wa_Mtongwe
Ninayo. Njoo kabla ya siku hiyo, uje na ndala za kufunga, tope la pale lavua viatu.